Ukuta wa Ndani ya Kisima

Wiki iliyopita walikuja kupima kisima cha jengo letu hapa Ganjoni. Ni kile kisima cha siku hizi cha kuchimbwa kwa mashine, bomba jembamba lililozama ardhini nyuma ya maegesho, na sisi wapangaji hatukikumbuki ila siku maji yanapokatika. Aliyekuja ni msichana mwenye viatu vya mpira na utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu. Alifungua kifuniko, akaushusha utepe taratibu, na ulipoyagusa maji kile chombo kikalia kama kifaranga. Mutua, mlinzi wetu, akamwuliza kama maji yamekwisha. "Hayajaisha, yameshuka tu," akasema yule msichana. "Ni kaskazi. Masika yakinyesha yatapanda tena."

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Harufu ya jiwe lililolowa miaka na miaka bila kuona jua, na chokaa, na ubaridi. Nilikuwa nimetoka sokoni na mfuko wa mchicha mkononi, nikasimama palepale nikivuta pumzi, hata Mutua akaniletea kiti akidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Ningemwambia kwamba nilikulia katika nyumba ambayo maji yakishuka watu husikilizana, na yakipanda hunyamaziana? Angeongeza na glasi ya maji ya glukosi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mji wa Kale, ya nyanya yangu mzaa mama. Mama alifanya kazi ofisini Mbaraki na kurudi jioni, kwa hivyo mchana kutwa tulikuwa watu wawili, mimi na Nyanya. Hapo zamani ilikuwa nyumba moja kubwa ya baba yake Nyanya. Alipofariki ilikatwa kati kwa ukuta wapate binti zake wawili. Upande mmoja akakaa Nyanya, jina lake Salma, na upande wa pili dada yake aliyemtangulia kuzaliwa, Bi Rukia, ambaye mimi nilimwita Nyanya Mkubwa. Vyumba viligawika, sebule ikagawika, hata ngazi ilipata mwenyewe. Kisima ndicho kilichokataa. Kilikuwa katikati ya ua, na kisima hakikatwi kama kitambaa. Basi fundi wa wakati huo aliupitisha ukuta juu ya mdomo wake, nusu kwao nusu kwetu, akaacha uwazi kama dirisha mahali ambapo wanawake wawili wakisimama kuteka wanaweza kuonana nyuso.

Kwa dirisha hilo vilipita vitu vyote vya dunia. Kaa la moto wakati kiberiti kimelowa, bakuli la mchuzi, pilipili, habari za harusi na za talaka. Mimi mwenyewe, naambiwa, nilipitishwa hapo nikiwa mchanga, nikaogeshwa upande wa pili na kurudishwa nimepakwa mafuta ya nazi. Sikumbuki, lakini nimeyasikia mara nyingi hata nayaona.

Maji ya kisima hatukuyanywa. Ya kunywa tulinunua kwa wachukuzi wa mikokoteni, au tulikinga bomba siku za bomba. Ya kisima yalikuwa ya kufulia, kuogea, kutawadhia na kuoshea ua. Nyanya aliyajua kama anavyojua hali ya mtoto mwenye pumu. Kwenye kamba ya ndoo alikuwa amefunga vipande vya kanga zilizochakaa, chekundu cha masika na cha buluu cha kaskazi, na kila alipoteka aliangalia kipi kimelowa. Baada ya mvua kubwa kamba ilikuwa fupi, ndoo ikishuka kidogo tu, chubwi. Jua la kaskazi likishika, ndoo ilichukua safari yake, na kipande cha buluu kikapita kwenye gurudumu la kapi kikienda chini. Hata ndani ya siku moja maji hayakutulia, yalinyanyuka kidogo bahari ikijaa na kushuka ikipwa, maana kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe lililojaa vitundu, na chini kwa chini kila kitu kinajuana na kila kitu. Hilo la mwisho nimelijua ukubwani. Utotoni niliona tu kwamba kisima kinapumua.

Nilikichukulia kuwa ni mtu, na Nyanya ndiye wa kulaumiwa. Siku moja nilimwuliza kama alikichimba yeye. Alicheka hadi akashika kiuno. "Mimi? Kisima hiki chanishinda umri, mama. Nalizaliwa nikakikuta." Nikalishika neno hilo na kuliweka.

Kisha ikaja pampu. Mtoto wa Nyanya Mkubwa, Nassor, alikuwa akifanya kazi Muskati, na aliporudi likizo alimletea mama yake mashine ndogo ya kijani ya kuvuta maji hadi kwenye tangi la juu, asiendelee kujiumiza mgongo kwa ndoo. Mtaa mzima ulikwenda kuitazama. Ilinguruma robo ya saa, na tangi likajaa. Wakati wa masika hapakuwa na neno. Lakini kaskazi ya kwanza ya pampu maji yetu yalibadilika. Sabuni ikagoma kutoa povu. Nguo nyeupe zilikauka zikiwa ngumu kama dagaa, na nywele zangu zilipooshwa zilisimama. Nyanya aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

Siku hizi nadhani najua lililotokea. Maji matamu ya kisiwani ni ya mvua, yamekaa juu ya maji ya bahari kama malai juu ya maziwa. Ukichota kwa ndoo unachukua malai. Ukivuta kwa mashine, wakati malai yenyewe ni membamba, chumvi inapanda kutoka chini. Nyanya hakuwa na maneno hayo ya maelezo, alikuwa na maneno mengine. Alisimama dirishani pa kisima akaita, "Dada! Hiyo mashine yako yanywa bahari! Izime hadi mvua zinye!"

Nyanya Mkubwa akaja, kilemba kichwani, mikono imejaa unga. "Mgongo wangu ndio utakaongoja mvua?"

"Tumeteka kwa mikono umri wetu wote."

"Wewe wasema hivyo kwa kijicho, Salma. Kwa kuwa mimi nina mwana aliyenikumbuka."

Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikaona uso wa Nyanya ukibadilika. Nyanya alikuwa na mtoto wa kiume pia, mjomba wangu, aliyechukua kazi melini na hajaandika wala kupiga simu tangu kabla sijazaliwa. Jina lake halikutajwa kwetu. Nyanya aliiachia kamba, ndoo ikaanguka chini peke yake. "Usinisemeshe tena," akasema. "Mpaka nife, usinisemeshe."

Dada yake hakumsemesha. Aliwasha pampu kaskazi yote hiyo, na masika yalipokwisha, kisima kikiwa kimejaa, akamleta fundi.

Fundi alikuwa mtu mpole mwenye ndevu nyekundu za hina. Alibisha kwetu kwanza kuomba radhi, akasema ameagizwa. Dirisha alilijenga kwa mawe kwa siku moja. Lakini Nyanya Mkubwa alitaka zaidi, alitaka ukuta ushuke ndani ya kisima chenyewe, kila mtu awe na chake. Fundi akateremshwa kwa kamba, akapachika boriti ya mkoko kutoka ukingo hadi ukingo, juu kidogo tu ya uso wa maji, kisha akapanga mawe juu yake kwenda juu hadi akakutana na ukuta wa zamani. Boriti ilikaribia kulowa. Kwa juu hukuona upenyo hata wa kupitisha kijiti. Nyanya alikuwa ndani amejifungia, akikuna nazi ambayo hatukuihitaji.

Mimi niliamini kwamba sasa maji yamegawanywa. Yale kule ni yao, haya huku ni yetu. Nilisikitika kidogo kwa kuwa nilidhani nusu yetu ni ndogo.

Vuli mwaka huo ilikuwa haba, mawingu yalipita yakaenda kunyesha kwa wengine. Kaskazi ikaingia na maji yakaanza kushuka. Kipande cha buluu kikashuka na kamba yake, Nyanya akaunga kamba nyingine. Nami, mtoto mwenye akili zangu, nikajua bila kuambiwa kwamba Nyanya Mkubwa anayanyonya yetu kwa chini. Nikawa nalala kifudifudi kwenye ukingo wa kisima, kidevu juu ya jiwe, nimvizie mwizi. Ndipo siku moja, bahari ikiwa imekupwa, nilipoona mwanga. Maji yalikuwa yameiacha ile boriti juu, na chini yake palikuwa na pengo. Kupitia pengo niliona maji mengine yaking'aa, tena si mengine, ni yaleyale. Kisha ndoo ya bati ikashuka upande wa pili, ikapiga maji, na viduara vyake vikaja mpaka upande wetu vikagonga jiwe chini ya kidevu changu.

Fundi alikuwa amejenga ukuta wake masika yakiwa ndiyo kwanza yamekwisha, maji yakiwa juu kabisa, na hakuna aliyemkumbusha kwamba maji ya kisima hushuka. Au pengine alijua akanyamaza. Mara nyingi nimejiuliza, nikikumbuka alivyoomba radhi mlangoni.

Tangu siku ile nyumba ilipata masikio. Kwa lile pengo kila kitu kilisikika, na kisima kilikipokea na kukikuza. Nilisikia Nyanya Mkubwa akikohoa, akikemea paka, akisoma. Jambo la ajabu, nilisikia pampu haingurumi tena. Ndoo ndiyo iliyokuwa ikishuka, polepole, ikisimama katikati kama kwamba anayeteka anapumzika. Nilimwambia Nyanya. "Imeharibika," akasema. Lakini baada ya hapo alianza kwenda kuteka asubuhi mapema zaidi, saa ileile ambayo ndoo ya upande wa pili ilikuwa ikishuka.

Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonishughulisha kaskazi nzima. Kila asubuhi, kabla ya kushusha ndoo, Nyanya aliinama juu ya kisima, mkono mmoja kwenye ukuta mpya, na midomo yake ikasema neno. Dogo tu, bila sauti. Kisha alisubiri. Kisha akateka. Nilidhani ni dua ya kuzuia maji yasitoroke. Nilijisogeza siku baada ya siku, nikijifanya natafuta kiatu, hadi nikakaribia vya kutosha kusikia. Nyanya alikuwa akisema, "Shikamoo, dada."

Ninyi mliolelewa kama nilivyolelewa mtanielewa. Kwetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Mkubwa hata awe na kiu ya kusemezwa namna gani hawezi kuanza, na mdogo asipoamkia basi mlango wa maneno haufunguki. Lakini sikuwaza hivyo hata kidogo. Mimi nilikumbuka kwamba kisima kimemshinda Nyanya umri. Kila kitu kikajipanga. Kisima ni dada yake, na kila asubuhi anakiamkia kwa adabu kabla ya kukichotea maji, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Nikamheshimu Nyanya zaidi. Nikajilaumu pia, kwani mimi nilikuwa nikichota bila hata salamu.

Karibu na mwisho wa kaskazi mwanamke aliyetuuzia mahamri alituletea habari. Nassor anakuja kumchukua mama yake. Amepata nyumba Muskati, na Nyanya Mkubwa ataondoka kabla ya masika, na nyumba itapangishwa. "Kwani hamkuambiwa?" akauliza, akijua fika kwamba hatukuambiwa. Nyanya alihesabu mahamri yake akafunga mlango. Siku hiyo hakula. Mimi nilikuwa mdogo lakini hilo nililielewa sawasawa. Nyanya Mkubwa alikuwa anakwenda zake, na wale wawili hawajasemezana, na mvua ikinyesha pengo litafungika.

Asubuhi zilizofuata Nyanya aliinama muda mrefu zaidi. Midomo ikasogea, sauti haikutoka. Maji yalikuwa yamebaki kidimbwi chini kabisa, yakiwa machungu, na ndoo ilikuwa ikipanda na mchanga. Nikaingiwa na hofu ya kitoto, hofu kamili, kwamba kisima kimeudhika. Kinaamkiwa kwa kunong'onezwa. Nani apendaye kuamkiwa hivyo? Tulifundishwa kwamba ukimwamkia mtu mzima uitoe sauti asikie, usimezemeze maneno. Nyanya anakidharau kisima bila kujua, nacho kinatunyima.

Basi siku moja asubuhi, Nyanya akiwa jikoni anapepeta mchele, nilikwenda mwenyewe. Niliweka mkono ukutani kama yeye. Nilifikiri kidogo kama niseme "Shikamoo, Nyanya," maana kwa umri ndivyo ilivyostahili, nikaona bora nisibadilishe maneno ambayo kisima kimeyazoea. Nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti yangu yote.

"Shikamoo, dada!"

Kisima kiliichukua sauti ile, kikaizungusha, kikaiingiza chini ya boriti. Nikasikia ndoo ya bati ikigonga mawe upande wa pili na kuanguka. Kisha kutoka ndani ya kisima ikapanda sauti ya mtu mzima, inatetemeka, "Marahaba." Na tena, "Marahaba, Salma. Marahaba, mdogo wangu." Kisha kilio.

Nilikimbia hadi jikoni nikajibwaga mapajani kwa Nyanya, ungo ukapinduka, mchele wote chini. "Kisima kimeitika!"

"Kimefanyani?"

"Nimekiamkia kama wewe. Kimesema marahaba. Kimekutaja jina. Nyanya, kinalia!"

Alinitazama. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo polepole vile, kuanzia kwenye macho kuteremka hadi mikononi. Hakunipiga, hakunikaripia. Alisimama akatembea juu ya mchele, peku, yeye ambaye punje moja ikianguka huiokota na kuisemesha. Nilimfuata nimeshika kanga yake.

Alifika kisimani akainama. Kutoka chini tulisikia mtu akijipangusa pua. Nyanya alifungua mdomo akafunga. Nilidhani ataichukua ile salamu iwe yake, ilikuwa imeshatolewa na imeshaitikiwa, kazi imekwisha. Lakini Nyanya hakuwa mtu wa kuvaa nguo ya kuazima.

"Si mimi niliyeamkia, dada," akasema. "Ni huyu mtoto."

"Najua," ikajibu sauti. "Sauti yako ya sasa naijua. Ile ni sauti yako ya udogoni. Nalidhani nimekufa, nimerudishwa nyumbani."

Nyanya aliweka paji la uso kwenye ukuta ule wa mawe mapya. Akakaa hivyo. Kisha akasema, na safari hii hata jirani wa mbele angesikia, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Marahaba. Wala hukukawia."

Alikuwa amekawia, mwaka mzima na zaidi. Lakini nilijifunza siku ile kwamba watu wakubwa nao huongopa, na kuna uongo mwingine unastahili kuachwa upite.

Walizungumza hapo hadi jua likaingia uani. Nilitegemea mambo mazito, wakaongea juu ya mgongo, na bei ya samaki, na mlango wa Nyanya Mkubwa uliojaa mchwa. Ikajulikana kwamba pampu haikuharibika kamwe. Aliizima mwenyewe, kaskazi ilipoingia, siku alipoonja maji yake akakiri moyoni kwamba chumvi imemfikia na yeye. "Nikasema, basi Salma alikuwa na haki," ikasema ile sauti kutoka chini. "Lakini nimwambie nani? Ukuta?" Nyanya alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ukuta ujengwe, na kisima kikakirudia kicheko chake kwa ukubwa zaidi, wakacheka wote wawili.

Alasiri Nyanya alivaa buibui lake, akanishika mkono, tukatoka. Nyumba mbili zilishikana mgongo, lakini milango yake ilitazama vichochoro viwili tofauti, na ilibidi tuzunguke kona, tupite kinyozi, tupite msikiti, watu wakituangalia tunakoelekea na kujifanya hawaangalii. Nyanya alipiga hodi. Aliyefungua alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na alitembea kwa kushika ukuta. Nyanya aliinama kumbusu mkono, naye akauvuta mkono akamkumbatia shingoni, buibui na kilemba vikachanganyika nisijue kipi ni cha nani.

Zilibaki siku chache, wakazitumia zote. Nyanya alishinda kule tangu asubuhi, akimsaidia kufunga mizigo na kumfungulia tena kila alipobadili mawazo. Nassor alifika, mnene, mpole, akaja kwetu kumwamkia Nyanya na kumletea udi. Alijitolea kumlipa fundi abomoe ukuta wa kisimani. Wanawake wawili wakakataa, wakisema mawe yataanguka majini yaharibu kisima. Lakini dirisha la juu lilibomolewa kwa nyundo asubuhi ya mwisho, na kupitia kwake Nyanya Mkubwa alimpa mdogo wake kapi lake, kamba na ile ndoo ya bati, vitu ambavyo Muskati hangehitaji.

Masika yakaja baada ya wiki moja hivi. Mvua ilipiga mapaa na ua, ikapotea ndani ya jiwe, na kila asubuhi kamba ikawa fupi. Maji yakaifikia boriti, yakaifunika. Nilikuwa nikiyatazama nikifurahi kwamba yamerudi, na nikilia kwamba yamelifunga pengo, na sikujua mtoto anapaswa kuchagua lipi.

Nyanya Mkubwa hakurudi tena. Walipigiana simu kila Ijumaa, kwa kupaza sauti, kwa miaka. Nilikuwa sekondari aliposafiri safari ya mwisho, akazikwa hukohuko. Habari ilikuja kabla ya adhuhuri, na ua wetu ukajaa wanawake hadi jioni. Walipotawanyika nilibaki na Nyanya kukunja mikeka. Hakuwa amelia mbele za watu. Nilikuwa na umri wa kuuliza maswali sasa, nikamwuliza lile lililonikaa miaka yote. Alikuwa akiamkia kila siku, kaskazi nzima, na pengo lilikuwa wazi, na kisima kinakuza hata kikohozi. Kwa nini hakupaza sauti?

Aliukunjua tena mkeka aliokuwa amekwisha kuukunja, akautazama.

"Nalikuwa naogopa asiitike," akasema. "Ukiamkia kwa sauti ndogo na mtu asiitike, waweza kujiambia hakusikia. Mimi kila asubuhi nalijiambia hivyo. Hakusikia. Nikaweza kuishi hadi asubuhi ya pili. Lau ningepaza akanyamaa, ningeishi na nini?"

Nilisogea karibu naye.

"Wewe ulipaza," akasema, "kwa kuwa hukujua waamkia nani."

Hapo ndipo alipolia. Alinipa upande mmoja wa mkeka niushike, tukaukunja pamoja.